Gari la Kuchezea Lichezewe

Nianze kwa kuwakera wenye kukereka: mtu anayenunua gari la zamani la Kiingereza, akalifunika shuka, akalifungia gereji na kulitoa mara moja kwa mwaka ili lipigwe picha, huyo hana gari. Ana sanamu yenye matairi. Tena sanamu ya bei mbaya.

Naandika haya kwa sababu ugonjwa huu umeshatuingia na sisi vijana wa mjini, hata tusio na baiskeli. Keti kijiwe chochote wanapozungumza magari utasikia: mshikaji, mimi siku nikiukata nachukua Jaguar E-Type nyekundu, naiweka tu. Naiweka tu! Hebu lisikilize hilo neno. Hasemi ataiendesha. Hasemi Jumamosi ataenda nayo Bagamoyo akale samaki, arudi jua likizama na mchanga kwenye viatu. Ataiweka, kama vile vikombe vya kabatini vinavyomsubiri mgeni asiyefika.

Tuelewane kwanza, ndugu msomaji. Gari la wikiendi ni la kuchezea. Kazi za Jumatatu mpaka Ijumaa zina Toyota yake, au zina daladala yake. La wikiendi halina kazi, na utamu wake ndo huo: unalipenda bila kulidai kitu. Kitu cha kuchezea kisipochezewa kinageuka mali, na mali ina watu wake, madalali na watu wa bima. Sisi tuna shughuli gani huko?

Siisemi vibaya E-Type. Ilipotolewa Geneva, Machi 1961, watu walibaki midomo wazi, na walikuwa na haki. Malcolm Sayer aliyelichora umbo lake alitoka kwenye kazi za ndege, akaupigia upepo hesabu mpaka bodi likawa kama limemiminwa. Iliuzwa kwa zaidi kidogo ya pauni 2,000, ikatangazwa kuwa inafika maili 150 kwa saa. Anayebishana na uzuri wake abishane na mwezi pia. Ubishi wangu ni juu ya kile ambacho bei imewafanya wenyewe. Leo E-Type safi ya miaka ile ya mwanzo inaweza kupita pauni 100,000, na mtu akishatoa mkwanja huo anaanza kuogopa. Anaogopa mvua. Anaogopa kokoto, anaogopa mtoto wa jirani mwenye mpira. Anaogopa hata namba zinazoongezeka kwenye saa ya mwendo, maana kila maili inamega bei. Sasa niambie, bwana, hapo nani anamchezea mwenzie?

Kama una haja kweli ya gari la Kiingereza la kuchezea, chukua la mtu wa chini. Chukua Morris Minor.

Najua umecheka. Kicheko hicho kina historia ndefu. William Morris, tajiri mwenye jina lake kwenye kiwanda, alipoonyeshwa kigari hicho alisema kinafanana na yai lililopikwa majini bila ganda, na hakukipenda hata kidogo. Kikatoka hivyo hivyo mwaka 1948 kwenye maonyesho ya Earls Court, London. Ilipofika Desemba 1960 ikatengenezwa Minor ya milioni moja, na hakuna gari la Kiingereza lililokuwa limewahi kufika hapo. Kwa furaha wakatoa nyingine za ukumbusho kama 350 hivi, zote za rangi ya urujuani mpauko, rangi ya khanga iliyofuliwa sana. Manesi wa vijijini waliitumia, mapolisi waliitumia, walimu, makasisi, watu wa posta. Lile yai likawashibisha wengi.

Na aliyelipika alikuwa nani? Alec Issigonis, aliyezaliwa Smyrna mwaka 1906, mji ambao leo ni Izmir, Uturuki. Baba Mgiriki mwenye uraia wa Kiingereza, mama wa asili ya Kijerumani. Vita vilipoufikia mji mwaka 1922 familia ikahamishwa, baba akafa njiani kabla ya kufika, kijana akaingia Uingereza na mama yake. Kwa lugha ya leo: mkimbizi. Mkimbizi huyu ndiye aliyechora Minor, na ndiye aliyechora Mini ya mwaka 1959, ile iliyolazwa injini yake kiupande ili watu wanne wapate pa kukaa ndani ya kigari cha urefu wa mita tatu na kidogo. Kuhusu Minor wanasimulia kwamba akiwa karibu kumaliza aliona kigari chembamba mno, akaamuru cha majaribio kipasuliwe katikati, nusu zisogezwe, akapima kwa jicho mpaka akaridhika. Inchi 4 zikaongezwa. Ndo maana boneti ya Minor ina ule ukanda bapa katikati. Ni kovu la operesheni. Mimi napenda gari lenye kovu kuliko gari lililomiminwa.

Sababu nyingine ni za spana. Injini ya Minor kuanzia mwaka 1952 ni ya ukoo ulioanza kwenye Austin mwaka 1951 na kuendelea mpaka Mini ya mwisho ya mwaka 2000. Karibu miaka 50 injini ni ile ile kwa asili yake! Matokeo yake, spea ziko tele Uingereza mpaka leo, na ufundi wake haujafichwa na kompyuta yoyote. Kabureta moja, plagi nne, rejeta, mkanda. Ukifungua boneti unaona ardhi. Kijana mwenye akili ya kawaida na kitabu cha mafundi anaweza kuishusha silinda hedi Jumamosi asubuhi, akairudisha Jumapili jioni, mikono myeusi, moyo mweupe. Huko ndiko kucheza.

Sikufichi ubaya wake. Kiungo cha chini kinachoshika gurudumu la mbele kinataka grisi kila baada ya muda mfupi. Kikikaushwa kinalika kimya kimya, halafu siku moja gurudumu linakunjika chini ya gari kama mguu wa meza mbovu. Wenye Minor wote wanajua habari hiyo. Halafu kuna ile ya Traveller, yenye mbao nyuma. Watu hudhani zile mbao ni urembo. Wapi! Zinabeba bodi, na zikioza gari haliruhusiwi kukaa barabarani.

Kama wewe ni wa upepo na nywele, na Minor unaiona ya shangazi, basi MGB. Ilitengenezwa Abingdon kuanzia 1962 mpaka kiwanda kilipofungwa Oktoba 1980, zaidi ya gari 500,000, ya wazi na ile yenye paa. Lakini hapa napo nina neno na wataalamu. Mwaka 1974, kwa ajili ya sheria za Marekani, MGB ikavalishwa bampa kubwa nyeusi za mpira na ikanyanyuliwa juu kidogo. Wajuzi wakaitema. Mpaka leo wanaiangalia kama ndugu aliyeoa pabaya, kwa hiyo bei yake iko chini kuliko zenye bampa za kung'aa. Vijana, hiyo ndiyo yenu! Ni kweli inalala kwenye kona kuliko dada zake wa zamani. Lakini injini ni ile ile ya cc 1,798, upepo ule ule, Jumapili ile ile. Anayekucheka kwa bampa anakucheka kwa sababu ya kuuza sura, na mtu wa kuuza sura hakuja kuendesha.

Tena sheria hizo za Marekani zina funzo. Nyingi ya MGB hizi ziliuzwa huko huko Marekani. Baada ya vita Uingereza ilikuwa na njaa ya dola, na serikali ikawapa chuma wenye viwanda waliouza nje. Hicho kigari tunachoambiwa kimebeba roho ya shamba la Kiingereza, wengi walikijua California.

Hapo nafika kwa wale ninaowalenga hasa. Kuna kundi la watu, Uingereza na hata huku, ambao gari la zamani kwao ni bendera. Wanalipaka bendera juu ya paa, wanabandika bendera kwenye vioo, wanazungumza kuhusu enzi zile za heshima, kabla dunia haijaharibika. Iliharibiwa na nani? Hawamalizi sentensi, lakini tunaisikia. Basi tuwamalizie. Yai lile lilipikwa na mkimbizi. Triumph Spitfire, kigari kilichopewa jina la ndege ya vita ya Mwingereza, kilichorwa na Mwitaliano, Giovanni Michelotti. Viwanda vya Midlands viliendeshwa kwa mikono ya watu wa Ireland, wa Wales, wa Karibi, wa Punjab. Leo jina la MG liko mikononi mwa Wachina, Mini ni ya BMW ya Ujerumani, na Jaguar pamoja na Land Rover ni mali ya Tata ya India tangu 2008. Na kiwanda cha Longbridge kilipoanguka Aprili 2005, watu wapatao 6,000 wakarudi nyumbani bila kazi. Bendera haikumlipia kodi ya nyumba hata mmoja wao.

Au chukua Ford Cortina, ya Dagenham. Huku kwetu wazee wanaikumbuka, maana Cortina GT ndiyo iliyoshinda Safari ya mwaka 1964. Mwenye Cortina ya mwaka 1968 akikuonyesha gari lake atakutajia kabureta, atakutajia rangi halisi ya kiwandani. Muulize viti vilishonwa na nani. Mwaka ule ule wanawake 187 washona viti wa Dagenham waliweka chini kazi kwa sababu waliandikwa kuwa hawana ujuzi na kulipwa chini ya wanaume. Mgomo wao ukasukuma sheria ya malipo sawa ya mwaka 1970, ingawa kutambuliwa kuwa ni mafundi walikungoja mpaka 1984, baada ya kugoma tena. Wewe unakalia mshono wao kila Jumapili na hujui! Ninyi mnaotaka kuandika, mkiambiwa hamna cha kuandika, hiki hapa.

Atasimama mwenzangu mwingine sasa, mwenye ndevu za mapinduzi, aseme: yote hayo ni makorokoro ya mkoloni, Mwafrika anayapendea nini? Swali lake ni zuri kuliko la yule wa bendera. Safari yenyewe ilianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kumsherehekea malkia aliyekuwa akivishwa taji, ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Kenya tangu Oktoba 1952. Wengine walikuwa wanapigiwa makofi kando ya njia, na wengine walikuwa wanasombwa kwa malori kupelekwa kambini. Anayeandika habari za magari yale bila kuliona lori, huyo anauza manukato. Lakini ndugu yangu wa ndevu, tukiacha kuyagusa tutakuwa tumemwachia yule wa bendera asimulie peke yake. Na fundi Mwafrika aliyelala chini ya Landrova ya bwana shauri, akaijua kuliko bwana shauri mwenyewe, atasimuliwa na nani?

Turudi kwenye kununua. Wa Nairobi hukutana na magari haya kila mwaka kwenye maonyesho ya Ngong Racecourse, ambako waamuzi huchungulia mpaka chini ya gari. Nenda ukaangalie, ni raha, wala sina ugomvi na watu wanaopenda usafi. Ila usinunue kwa macho ya mwamuzi. Kenya hairuhusu kuingiza gari la kawaida lililozidi miaka 8, kwa hiyo utafute lililokwisha kuzeekea humu humu, na lina sifa yake: limekunywa vumbi letu. Aliye Uingereza ana nafuu zake: gari lililopita miaka 40 halilipiwi kodi ya barabara, na tangu Mei 2018 mengi ya umri huo hayalazimiki kukaguliwa kila mwaka. Wewe kague tu. Uhai ni wako. Na tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida huko ina spiriti asilimia 10, ambayo inakula mipira ya zamani, kwa hiyo tia ile nyingine au badili mipira.

Siku ya kwenda kununua nenda na fundi mzee, sumaku na bisibisi. Sumaku isiponata kwenye bodi, hapo kuna pati chini ya rangi, sio chuma. Kwenye MGB piga magoti uangalie kingo za chini ya milango, maana nguvu ya gari la wazi iko humo, na kutu huanzia ndani mahali usipopaona. Fungua mlango, ufunge. Ukigoma, mgongo umeshaanza kukunjika. Kwenye Minor muulize mwenyewe lini mara ya mwisho alipiga grisi miguu ya mbele. Akikujibu kuwa gari halijatembea miaka minane, limewekwa tu, shukuru kwa chai, chukua sumaku yako, uondoke.