Bunduki ya Kale Si Chuma Chakavu

Mwandishi mmoja ametushauri gazetini kwamba mkulima wa Kanzenze, hapa Rwanda, akifukua bunduki ya kale au kifungo cha askari, amuuzie mkusanyaji wa kigeni, maana kikibaki hapa kitaliwa na kutu tu. Napinga kabisa.

Chukua mfano wa bunduki ya Mauser ya mwaka 1871: ya milimita 11, ilitumia baruti nyeusi: kila mlio uliacha wingu la moshi lililomfichua mpigaji. Kombania nyingi za jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki zilikuwa bado nayo mwaka 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika Gisenyi na kamanda wao, Kapteni Wintgens, akakabiliana na Wabelgiji. Walioibeba walikuwa askari Waafrika, na wengi wao majina yao hayamo vitabuni. Kifungo chao, kikijulikana kilitoka shamba gani na kina gani, huonyesha walipopiga kambi na walipoangukia. Kikifungiwa kabatini Ulaya bila maelezo hayo, kinabaki pambo lenye bei.

Na kutu? Jumba la Kandt mjini Kigali ni makumbusho tayari; vitu hivi vitunzwe humo. Serikali imlipe kwa haki mkulima anayekabidhi alichofukua. Nawe ukifukua silaha, usiiguse: waite polisi, uwaonyeshe mahali ilipo.