Maumivu ya Matiti Kabla ya Hedhi

Jambo la juma hili halisemwi mbele ya wakwe, lakini lapaswa kusemwa baina ya mume na mke. Kwa hiyo nawaomba mabwana askari wasiufunue ukurasa huu upesi kutafuta habari za mpira. Linawahusu.

Mapema mwaka huu mama mmoja wa hapa Kamembe alinijia nyumbani jioni, amejifunga kitenge hadi shingoni kama mwenye homa. Mumewe ni askari, naye alikuwa amerejea kwa likizo fupi kutoka Msumbiji, ambako majeshi yetu yalianza kupelekwa Julai 2021. Siku ya kwanza bwana alipomkumbatia, mama yule alishtuka kwa maumivu akamsukuma. Bwana hakusema neno. Usiku alilala ameelekea ukutani, na kwa siku tatu nyumba ile ilikuwa kimya, kila mmoja akiwaza lake. Alilowaza bwana mwaweza kulikisia. Alilowaza mama ni kwamba amepatwa na saratani, na kwamba si vema kumharibia mume likizo yake kwa habari kama hiyo.

"Dada," aliniambia, "yote mawili yamejaa na yanauma hata nikigusa nguo. Nitakufa niache watoto."

Mimi nilisomea ualimu, sikusomea uganga, na sasa kazi yangu ni ya mafaili. Nilimsindikiza kesho yake kwenye kituo cha afya. Muuguzi alimpima kwa makini, kisha akamwuliza: hedhi yako ya mwisho ilianza tarehe ngapi? Mama hakujua. Akaulizwa kama maumivu haya yalimpata pia mwezi uliotangulia. Akafikiri sana, akasema labda. Muuguzi akamwambia arudi nyumbani, atundike kalenda ukutani, na kila siku aweke alama: duara siku ya hedhi, msalaba mmoja siku ya maumivu kidogo, misalaba miwili siku ya maumivu makali. Afanye hivyo miezi mitatu.

Nilidhani ni njia ya kumwondoa mgonjwa mlangoni. Nilikosea. Maumivu ya aina hii yana ratiba, na ratiba hiyo ndiyo inayoyatambulisha.

Kwa wanawake wengi mzunguko huchukua siku 28 hivi, ingawa kuanzia siku 21 hadi 35 si ajabu. Yapata siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, yai hutoka katika ovari. Tangu hapo mwili hujitayarisha kana kwamba mimba imeingia. Homoni mbili, estrojeni na projesteroni, huamsha vijifuko na mirija ya maziwa, nayo matiti huvuta maji, hujaa na kuwa mazito. Sehemu ya juu, upande wa kwapani, ndiyo huuma zaidi, na mara nyingi ni matiti yote mawili. Mimba isipoingia, homoni hushuka, hedhi huanza, na maumivu huisha siku ile au ya pili yake. Hali hii huwapata wanawake wengi, hasa wa miaka ya ishirini hadi arobaini na kitu, nayo hukoma hedhi inapokoma. Haigeuki kuwa saratani.

Sasa, mama afanye nini katika siku zile? Dawa ya kwanza ni sidiria inayomfaa. Wengi wetu hununua sokoni kwa kutazama rangi. Uzito wa matiti ubebwe na ule mkanda unaozunguka mbavu, wala si kamba za mabegani. Mkanda ukipanda mgongoni, sidiria hiyo ni kubwa mno. Katika siku za maumivu chagua isiyo na waya, na ile laini ivaliwe hata usiku.

La pili ni mzigo. Sisi hufunga mtoto mgongoni na kukaza fundo la kitenge juu ya kifua, palepale panapouma, kisha twapanda vilima vya Rusizi. Siku hizo kitenge kipitishwe juu ya bega moja na chini ya matiti, au mtoto abebwe na mwingine. Bwana aliyebeba begi la jeshi mlimani hashindwi na mtoto wa kilo kumi.

Kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto na kukamuliwa huwatuliza wengine; wengine hupata nafuu kwa maji baridi. Wazee wa upande wa Bugarama husimulia jinsi watu walivyokuwa wakienda kujilowesha katika maji ya moto ya Mashyuza kwa kila maradhi. Kwa hili, sufuria ya nyumbani yatosha. Maumivu yakizidi, parasetamoli ya miligramu 500, kidonge kimoja au viwili kila baada ya saa sita, visipite vinane kwa siku nzima. Ibuprofeni nayo husaidia, lakini imezwe baada ya chakula, wala haimfai mwenye vidonda vya tumbo au anayedhani ana mimba. Kupunguza chumvi na kahawa ni ushauri mtausikia kila mahali. Ushahidi wake ni hafifu, ila kujaribu mwezi mmoja hakuna gharama.

Pia mwone muuguzi iwapo maumivu yalianza ulipoanza vidonge au sindano ya uzazi wa mpango; huenda njia nyingine ikakufaa zaidi. Na ikiwa siku ya hedhi imepita bila hedhi na matiti bado yamejaa, pima mimba kabla ya kumeza chochote.

Hapa naomba msomaji asome polepole. Mama yule aliogopa maumivu. Saratani ya titi mara nyingi huja bila maumivu yoyote: ni kivimbe kigumu ambacho hakiumi, na kwa sababu hakiumi mwenyewe hukiacha. Basi, siku chache baada ya hedhi kwisha, matiti yakiwa laini, jipapase mwenyewe hadi makwapani. Ukikuta uvimbe usiotoweka, ngozi iliyobonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani ghafla, au damu ikitoka kwenye chuchu, usingoje kalenda. Vilevile maumivu ya mahali pamoja yasiyofuata mwezi. Na anayenyonyesha, titi likiwa jekundu, la moto, pamoja na homa, aende siku hiyohiyo.

Njia ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Anza na mjumbe wa afya wa kijiji chako au kituo cha afya. Kutoka hapo utapelekwa Gihundwe au Mibilizi. Ikibidi, ipo hospitali ya Butaro huko Burera, ambayo tangu 2012 ina kituo cha kutibu saratani. Chukua kadi yako ya bima, iwe mituweli au ile ya jeshi.

Mama wa Kamembe alirudi kwa muuguzi na kalenda yake. Katika miezi yote mitatu misalaba ilianza siku nane au tisa kabla ya duara, ikakoma siku ya pili ya hedhi. Likizo ya bwana ilikuwa imekwisha zamani, lakini kabla hajaondoka mkewe alikuwa amemweleza, na alama za juma la kwanza aliziweka bwana mwenyewe kwa kalamu nyekundu. Naambiwa siku hizi akiomba ruhusa ya kuja nyumbani hupiga simu kwanza kuuliza kalenda inasemaje.