Daftari la Wiki: Mzizi Unaotuliza

Mwaka 1931 madaktari wawili wa Kolkata, Gananath Sen na Kartick Chandra Bose, waliandika kwamba unga wa mzizi wa Rauvolfia serpentina huwatuliza wagonjwa wa akili na kushusha presha. Waganga wa India walikuwa wameutumia kwa karne nyingi, lakini Ulaya haikujali. Mwaka 1952 ndipo wanakemia wa kampuni ya Ciba, mjini Basel, walipotenga kutoka mzizi huo kemikali waliyoiita reserpini, na baada ya miaka miwili Nathan Kline akatangaza matokeo yake kwa wagonjwa wa hospitali ya akili huko New York. Nauleta mzizi huu kwa wale wanaodhani mitishamba ya kutuliza neva ni imani tupu. Arvid Carlsson wa Uswidi na wenzake waliwapa sungura reserpini, nao wakazubaa bila kujongea. Sungura hana imani.

Ila jaribio hilohilo, la mwaka 1957, linawajibu pia wanaosema kwamba kilichotoka shambani hakiwezi kudhuru. Neva hupashana habari kwa kemikali kama dopamini na serotonini, ambazo huwekwa akiba katika vifuko vidogo sana kwenye ncha zake. Reserpini huzuia vifuko hivyo visijazwe, na kemikali iliyobaki nje huvunjwa. Akiba ikipungua, mapigo ya moyo hupoa na mtu hutulia. Ikizidi kupungua, viungo hukakamaa. Carlsson alipowachoma sungura wale L-dopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, waliamka. Hapo tiba ya ugonjwa wa Parkinson ikapata njia. Miongoni mwa wagonjwa wa presha waliotumia reserpini miaka ile, wapo walioripotiwa kuingiwa na huzuni nzito. Utulivu na madhara vinapita mlango mmoja, na kinachovitenga ni kipimo.

Hoja nzito kuliko zote ni ya mababu: walitumia, wakaishi. Naiheshimu, kwa kuwa bila waganga wa India Ciba isingejua pa kuchimba. Lakini mganga wa zamani alimjua mgonjwa wake, aliujua mti na sehemu ya kuchuma, na mgonjwa huyo hakuwa akimeza vidonge vya kliniki asubuhi hiyohiyo. Chupa ya sokoni isiyo na jina la mmea haibebi ujuzi huo hata kidogo. Nasi hatuko mbali na jambo hili: msesewe, ambao Wachaga hutia gome lake kwenye pombe yao ya mbege, ni Rauvolfia caffra, ndugu wa mmea ule wa India.

Kwa hiyo, ukipewa dawa ya kutuliza neva, uliza ni mmea gani, ni sehemu gani ya mmea, na kipimo chake ni kipi. Na kama unatumia vidonge vya presha au vya sonona, mweleze daktari wako kabla hujaionja.