Jike la Chui Milia

Katika mazoezi ya kufundisha, tulimsikia mwanachuo akiwadai watoto wa skuli neno moja tu la chui milia jike, kama Waingereza walivyo nalo. Neno hilo hatuna, wala si upungufu. Mnyama huyo ni wa Asia; tulimwazima jina la chui wetu, tukaongeza milia yake, kama tulivyofanya kwa punda milia. Majina ya pekee, mathalani fahali (lenye asili ya Kiarabu), beberu, mtamba na jogoo, ni ya mifugo, ambayo mfugaji hana budi kuipambanua. Wa mwituni huwatosha jike na dume. Mtoto aliyejibu “chui milia jike” alihesabiwa amekosa. Kwa maoni yetu, alistahili alama zote.