Usikande Kila Mguu

Mama akirudi jioni kutoka shamba la kakao, kitunga kizito mgongoni, ni jambo jema binti yake azikande nyayo zake kwa mafuta kidogo. Uchovu unapungua, usingizi unakuja. Mimi pia napenda kukandwa hivyo.

Lakini wako wanaosema kwamba katika wayo kuna mahali pa figo, pa ini na pa tumbo la uzazi, na kwamba mtu akibonyezwa pale ugonjwa utatoka. Mafundisho hayo si ya mababu zetu. Aliyeyaeneza sana ni mama mmoja wa Marekani, Eunice Ingham, tangu miaka ya 1930. Wataalamu wameyapima, wala hawakuona kwamba yanaponya ugonjwa. Mwenye malaria ameze dawa ya malaria kwanza.

Tena angalia sana mguu mmoja uliovimba, wenye moto na maumivu katika shavu lake, na mwenzake ni mzima. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Jambo hili huwapata hasa wenye mimba, waliozaa karibuni, waliopasuliwa, na waliolala kitandani siku nyingi. Ukiukanda, bonge lile la damu laweza kung'oka na kupanda mpaka mapafuni. Nilimpokea mama mmoja siku ya tisa baada ya kuzaa. Mama mkwe wake alikuwa amemkanda siku mbili, kwa upendo mwingi. Alifika akihema, na hatukuweza kumwokoa. Sikumlaumu yule bibi. Sisi wauguzi hatukuwa tumemwambia.

Usikande mfupa uliovunjika wala kidonda. Mwenye ugonjwa wa sukari ambaye nyayo zake zimekufa ganzi, usimkaze wala usimwekee kitu cha moto. Ataungua bila kusikia. Na mwenye homa na kutapika apimwe mbele ya kukandwa. Katika Ebola ya kwetu, tangu Agosti 2018 hata Juni 2020, walikufa watu zaidi ya 2,200, na wengi waliipata kwa kuwashika wagonjwa wao.

Wewe uliyejifungua, linganisha miguu yako kila asubuhi mpaka majuma sita yapite. Nasema asubuhi kwa sababu njia ya Eringeti usiku si salama, nawe wajua. Ukiona mmoja umezidi mwingine, usiuguse kwa mafuta. Uje kwetu siku ile ile, jua lingali juu.