Saa Saba Iliyokuwa Saa Moja

Katika safu hii tumekwisha kuzungumza juu ya safari za basi na za meli. Mwezi huu tuzungumze juu ya safari ya ndege.

Huenda unasema, "Mimi ni mkulima. Ndege inanihusu nini?" Usiseme hivyo. Safari ya ndege huja ghafula. Mgonjwa huandikiwa barua ya kwenda Muhimbili. Ndugu hufariki mbali, na mazishi hayangoji. Siku hiyo hutakuwa na nafasi ya kujifunza. Jifunze leo.

Sikilizeni habari ya jirani yangu hapa wilayani Magu. Ni mzee, mkulima wa pamba. Mwanawe wa kike alilazwa Dar es Salaam. Madaktari walisema atapasuliwa kesho yake asubuhi. Mtoto akamwomba baba yake awepo. Majirani tukachanga nauli. Kijana mmoja akamnunulia mzee tiketi ya ndege ya kutoka Mwanza.

Mzee wetu anajua kusoma. Alijifunza ukubwani, kama wengi wetu. Akaisoma tiketi yake mwenyewe. Iliandikwa 07:00. Mzee akasema, "Vema. Ndege yangu ni ya saa saba mchana."

Alifika uwanjani saa tano asubuhi, amefurahi kwa kuwahi. Binti wa kaunta aliitazama tiketi, kisha akamtazama mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, ndege yako iliondoka saa moja asubuhi."

Mzee alikaa chini. Nauli ya watu wengi ilikuwa imepotea. Akapanda basi. Kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100. Alipofika hospitali, mtoto alikuwa amekwisha kupasuliwa. Tunashukuru kwamba alipona. Lakini alikuwa ameingia chumba cha upasuaji akiuliza, "Baba amefika?"

JIFUNZE KUSOMA SAA YA TIKETI

Sisi huanza kuhesabu saa jua linapochomoza. Tiketi huanza kuhesabu katikati ya usiku. Tofauti ni saa sita. Basi fanya hesabu hii:

07:00, toa 6, inabaki 1. Ni saa moja asubuhi.

14:30, toa 6, inabaki 8:30. Ni saa nane na nusu mchana.

20:00, toa 6, inabaki 14. Ikizidi 12, toa 12 tena. Inabaki 2. Ni saa mbili usiku.

05:00, huwezi kutoa 6. Basi ongeza 6. Ni saa kumi na moja alfajiri.

Angalia sana saa zinazoanza na 00. Tiketi ikisema tarehe 10, saa 00:30, ndege huondoka saa sita na nusu ya usiku wa kuamkia tarehe 10. Wewe uwe uwanjani jioni ya tarehe 9. Ukienda usiku wa tarehe 10, umechelewa siku nzima.

Tena, saa iliyoandikwa ni ya ndege kuondoka. Siyo saa ya wewe kufika. Kaunta hufungwa mapema. Mashirika mengine huifunga dakika 40 kabla ya ndege kuondoka, mengine saa nzima. Ndege haisimami njiani kama basi, wala konda hatakuita. Kwa safari ya ndani ya nchi, uwepo uwanjani muda wa saa mbili kabla. Kwa safari ya nje, uwepo muda wa saa tatu kabla. Ukiwa unatoka mbali, lala mjini kwa ndugu.

SAFARI YA PILI

Baada ya miezi michache mzee aliitwa tena Dar es Salaam, kumleta mtoto nyumbani. Safari hii tulikwenda wawili. Tulisoma tiketi pamoja, tukafika mapema.

Kwanza tulikwenda kwenye kaunta. Tulionyesha tiketi na kitambulisho cha Taifa. Jina la kwenye tiketi lazima lifanane na la kwenye kitambulisho. Likikosewa hata herufi, liseme siku unayonunua tiketi. Kwa safari ya nje unahitaji pasipoti.

Mizigo mikubwa ilipimwa kwenye mzani. Kila tiketi ina kiasi chake cha kilo. Ukizidisha, unalipa. Basi pima mzigo nyumbani, hata kwa mzani wa duka. Tulipewa kipande cha karatasi chenye namba ya mzigo. Kitunze. Mzigo ukipotea, hicho ndicho shahidi wako. Tulipewa pia pasi ya kupandia ndege. Pasi hiyo huonyesha namba ya mlango na namba ya kiti.

Kisha tukafika kwenye ukaguzi. Hapo askari kijana alimwambia mzee avue mkanda, saa na kofia. Uso wa mzee ulibadilika. Akaninong'oneza, "Nivue mkanda mbele ya watoto hawa? Mimi ni mwizi?" Akashika mfuko wake, akataka kurudi nyumbani.

Askari yule alikuwa na adabu. Alisema, "Mzee wangu, hata mkubwa wangu wa kazi akisafiri namkagua. Chuma kikilia, mashine haijui kama ni mkanda au ni bunduki."

Mzee alinyamaza. Kisha akakumbuka jambo. Tarehe 26 Februari, 1982, ndege ya shirika letu la taifa iliondoka Mwanza kwenda Dar es Salaam. Watu wenye silaha wakaiteka. Ikapelekwa Nairobi, Jeddah, Athens, na mwisho Stansted, Uingereza. Watu waliotaka kufika Dar es Salaam walijikuta Ulaya. Mzee akasema, "Kumbe ni kwa ajili ya mambo yale." Akavua mkanda.

Basi, ndugu msomaji, ukaguzi si matusi. Unamlinda anayekaguliwa. Mwanamke ana haki ya kukaguliwa na mwanamke. Kama fedha zako umezifunga katika kanga, au una chuma mwilini ulichowekewa hospitali, sema mapema. Unaweza kuomba ukaguliwe faraghani.

MKONONI NINI, KWENYE MZIGO NINI

Weka mkononi: dawa zako, fedha, vyeti na barua ya daktari. Betri ya kuchajia simu nayo ibebe mkononi. Hairuhusiwi kwenye mzigo mkubwa.

Weka kwenye mzigo mkubwa: kisu, mkasi na jembe. Asali na samli zifunge vizuri uziweke huko. Kwa safari za nje, viwanja vingi havikubali mkononi chupa ya kimiminika inayozidi mililita 100.

Acha nyumbani: petroli, mafuta ya taa, mtungi wa gesi na baruti.

Usibebe mzigo wa mtu usiyemjua, hata akilia machozi. Kilichomo ndani kitahesabiwa kuwa chako. Tena usifanye mzaha kwa kusema una bomu. Hakuna atakayecheka. Utakamatwa.

Usipojua pa kwenda, muulize mfanyakazi aliyevaa sare. Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Mzee wetu alijua kusoma, lakini siku ile hakuuliza. Sasa anasema, "Kama ningemwonyesha mwalimu wa kisomo tiketi ile, mwanangu angeniona."

Siku hizi mtu wa kijijini kwetu akipata tiketi, hupita kwanza kwa mzee. Mzee huvaa miwani, hutoa sita, kisha husema, "Lala mjini, mwanangu."

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Tiketi imeandikwa 16:15. Ni saa ngapi kwetu?
2. Tiketi imeandikwa tarehe 3, saa 00:45. Utaondoka nyumbani siku gani?
3. Jirani ana sindano za dawa ya kisukari. Aziweke wapi, na kwa nini?