Nyasi zilizofichwa na bahari: sanamu za Italia zinatuambia nini Mtwara?

Ukiuliza ni kitu gani kimefichika Mtwara, wengi watakujibu gesi. Iligunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982, na leo kila mtu anajua ilipo, kwa sababu kuna visima, kuna mtambo wa Madimba na kuna bomba linalokwenda Dar es Salaam. Lakini ghuba hiyohiyo ina mali nyingine chini ya maji isiyo na bomba wala bango. Ni nyasi bahari. Katika makala hii tunaangalia jinsi wavuvi na wasanii wa nchi nyingine walivyotumia sanamu ili nyasi hizo zionekane na zilindwe, na kama njia hiyo inatufaa.

Kwanza tuweke jambo moja sawa. Nyasi bahari si mwani, ingawa watu wengi wa pwani huviita vyote kwa jina moja. Mwani hauna mizizi ya kweli. Hufyonza chakula majini kwa mwili wake wote. Nyasi bahari ni mmea kama ule wa shambani: una mizizi, una shina linalotambaa chini ya mchanga, unachanua maua na kutoa mbegu, na yote hayo hufanyika ndani ya maji ya chumvi. Pwani ya Afrika Mashariki ina zaidi ya aina 10. Anayezikanyaga kila siku huona majani tu. Kinachoushikilia mmea kimefukiwa.

Mvuvi anazijua kwa matokeo yake. Tasi hula humo, na pono pia. Changu wadogo hukulia humo kabla ya kuhamia miambani. Kasa huja kula, na nguva, ambaye sasa ni nadra sana pwani ya Tanzania, karibu hana chakula kingine. Mizizi hushika mchanga usichukuliwe na mawimbi. Nyasi zikifa, wa kwanza kulipa ni mwenye ngalawa na mama anayekwenda kuchokoa pweza, kwa sababu wao hawana chombo cha kuwapeleka bahari kuu.

Sasa twende Talamone, mji mdogo wa wavuvi pwani ya Tuscany, Italia. Kwa miaka mingi meli zenye nyavu za kukokota ziliingia usiku karibu na ufuo, kinyume cha sheria, zikailima sakafu ya bahari na kung'oa nyasi. Mvuvi wa pale, Paolo Fanciulli, alipambana nazo muda mrefu bila kuzimaliza. Hatimaye akaenda kwenye machimbo ya marumaru ya Carrara kuomba mawe mawili. Akapewa 100. Wachongaji, akiwemo Emily Young wa Uingereza, wakayatia nyuso na maumbo, na kuanzia mwaka 2015 yakaanza kuzamishwa. Wavu wa kukokota ukipita hapo hunasa na kuchanika.

Mfano wa pili ni Cannes, Ufaransa. Mwaka 2021 msanii Jason deCaires Taylor aliweka sura 6 kubwa za watu wa mji huo chini ya maji, kila moja ikiwa na urefu wa zaidi ya mita 2 na uzito wa tani 10 hivi, kwenye vipande vya mchanga katikati ya nyasi. Maji hapo yana kina cha mita 2 hadi 3 tu, na boti haziruhusiwi kutia nanga. Mtu huogelea kwenda kutazama sanamu, akajikuta anatazama nyasi.

Kwa maoni yetu, Talamone ndiyo iliyo karibu na sisi. Uzuri wa sanamu ulileta wageni na wafadhili, lakini kazi ya kuzuia nyavu ilifanywa na uzito wa jiwe. Na aliyeanzisha alikuwa mvuvi, aliyetaka kesho avue palepale.

Huku kwetu, Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000, ya pili Tanzania baada ya ile ya Mafia ya mwaka 1995. Ina kilomita za mraba 650 hivi, za bahari na nchi kavu. Matumbawe hupigwa picha. Mikoko ina siku zake za kupandwa. Nyasi hazina msemaji, na maadui wake ni wengi: juya linalokokotwa, baruti, nanga. Yuko na mwingine ambaye si rahisi kumtaja, yaani kilimo cha mwani. Utafiti uliofanywa Ghuba ya Chwaka, Zanzibar, ulionyesha kuwa chini ya kamba za mwani nyasi hupungua. Hatusemi akina mama waache. Hicho ni kipato chao. Kamba zinaweza kupangwa kwenye mchanga mtupu, lakini anayegawa kamba na mbegu lazima aliseme hilo mapema, kabla vigingi havijapigwa.

Bahari ya Italia karibu haina kupwa na kujaa, ndiyo maana huko mtu lazima apige mbizi. Sisi tuna bamvua. Mara mbili kwa mwezi maji hurudi mbali na nyasi hubaki wazi, bila tiketi. Kwa hiyo sanamu ya Mtwara ingesimama ufukoni penye nyasi, ionekane maji yakipwa na izame yakijaa. Wachongaji tunao. Mmakonde anayechonga mpingo huanza kwa kutoa ganda na mti mweupe ili aufikie moyo mweusi. Kufichua kilichofichwa ni kazi yake ya kila siku. Ila mpingo ni ghali mno kuachiwa mawimbi. Jiwe au zege ndiyo sawa.

Hofu yetu iko kwingine. Jiwe litakalowekwa bila wanakijiji kuchagua mahali litaonekana kama bikoni ya mpaka. Vijiji vya Msimbati na jirani zake vina historia ndefu ya malalamiko dhidi ya masharti ya hifadhi kuhusu nyavu, na jiwe halibagui: litachana wavu wa mwenye ngalawa kama linavyochana juya. Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu kinaweza kutoa kibali, lakini mahali pa kuliweka wanapajua wavuvi wa BMU na akina mama wachokoaji.

Ipo hatua ya kabla ya jiwe, nayo haina gharama kubwa. Umoja wa Mataifa uliamua mwaka 2022 kuwa Machi 1 iwe Siku ya Nyasi Bahari Duniani. Mpango wa Seagrass-Watch, ulioanzia Australia mwaka 1998, hutumia fremu ya sentimita 50 kwa 50: watu wa kujitolea huiweka chini maji yakipwa, hukadiria sehemu iliyofunikwa na nyasi, huandika, kisha hurudi mahali palepale baada ya miezi kadhaa. Fremu kama hiyo fundi wa Msimbati anaweza kuitengeneza kwa nondo kabla ya bamvua lijalo.